Aliletwa kazini na binamu yake, akalinda taa ya bandari miaka 43

Kuna wakati binamu yangu aliniombea kazi. Ofisi moja huko tao, kazi ya kuingiza majina na nambari kwenye kompyuta, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilikuwa nimeacha chuo, nimepiga lami miezi mingi, kwa hivyo sikuuliza maswali. Siku ya kwanza tu, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi, nikasikia mtu akinong'ona nyuma yangu: "Huyo ameletwa."

Nilidumu wiki sita. Kwa nini niliondoka nitakwambia mwishoni, lakini hilo neno "ameletwa" lilinikaa kichwani.

Wewe pia unalijua. Kenya hii kila mtu anaimba kwamba kazi ni kujuana. Tunamchukia aliyeletwa, halafu jioni tunapitia namba kwenye simu tukitafuta nani anaweza kutuleta. Ukweli usemwe, wengi wetu hatuna shida na kujuana. Shida yetu ni kwamba hatujui mtu.

Sasa kaa hapo nikupe stori ya mwanamke mmoja aliyeletwa kazini miaka zaidi ya 160 iliyopita, mbali sana na hapa. Anaitwa Harriet Colfax. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwasha taa ya bandari kwenye ziwa kubwa, kila jioni, na kuhakikisha haizimiki hadi asubuhi.

Ziwa ambalo si mchezo

Mahali penyewe ni mji unaoitwa Michigan City. Usichanganyikiwe na jina: hauko katika jimbo la Michigan, uko Indiana, Marekani, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Michigan. Siku ya anga safi, ukisimama ufukweni pale, unaona majengo marefu ya Chicago yakichomoza upande wa pili wa maji.

Kama umekulia Kisumu, Homa Bay au Mbita, hauhitaji kuelezwa maana ya ziwa kubwa. Kwa wengine: Ziwa Victoria lina takriban kilomita mraba 68,000 na zaidi. Ziwa Michigan lina kama 58,000. Ni dogo kidogo kuliko letu, lakini ukisimama ukingoni huoni ng'ambo, na mawimbi yake yamezamisha meli za kila aina. Tofauti kubwa ni baridi. Kuanzia Novemba upepo wa kaskazini unashuka urefu wote wa ziwa hadi kugonga ule ukingo wa kusini, na maji yakirukia kitu chochote, yanaganda palepale.

Mji ulianza miaka ya 1830. Tajiri mmoja, Isaac Elston, alinunua ardhi kwenye mdomo wa kijito kiitwacho Trail Creek akiamini kwamba bandari itajengwa hapo. Mwaka 1835 akaipa serikali kipande cha ardhi ili kuweka taa. Taa ya kwanza ilikuwa kandili iliyotundikwa juu ya mlingoti. Basi. Nahodha alitakiwa kuitafuta hiyo gizani akiwa na shehena na watu.

Mwaka 1837 ukajengwa mnara wa kweli, wa matofali yaliyopakwa chokaa nyeupe, na nyumba ya mlinzi kando yake. Mlinzi wa kwanza alikuwa Edmund Harrison, kwa mshahara wa dola 350 kwa mwaka. Baadaye, katika miaka ya 1840, taa hiyo ilikuwa mikononi mwa mwanamke, Harriet Towner. Jina ni Harriet pia, lakini si huyu wetu.

Biashara ikakua. Nafaka zilitoka, mbao zikaingia, na taa ya zamani ikaonekana haitoshi. Mwaka 1858 serikali ikajenga nyumba mpya karibu na maji: nyumba ya kawaida ya kuishi, ya matofali, na juu ya paa upande wa kaskazini kimnara kifupi chenye chumba cha vioo. Ndani ya hicho chumba ndiko stori yetu ilipo.

Taa ndogo, macho makubwa

Labda unajiuliza, taa ya mafuta inaonekanaje kilomita nyingi kutoka ufukweni? Koroboi ya nyanyako haimulikii hata kuku wa jirani.

Jibu ni kioo. Miaka ya 1820 Mfaransa mmoja, Augustin Fresnel, aligundua namna ya kupanga vipande vya kioo kuzunguka taa, kila kipande kimechongwa kwa pembe yake. Mwanga wa taa kwa kawaida hutawanyika kila upande, mwingi unapotea juu na chini. Vioo vya Fresnel vinaukusanya ule mwanga na kuusukuma wote uelekee mbele, sambamba na maji. Moto ni uleule mdogo, lakini nahodha aliye mbali anauona kama nyota imekaa ukingoni.

Lenzi hizo zilipangwa kwa daraja. Daraja la kwanza lilikuwa kubwa kuliko mtu, kwa bahari kuu. Ya Michigan City ilikuwa daraja la tano, ndogo, aina ya bandari. Lakini ndogo haina maana rahisi. Lenzi ilitakiwa kufutwa kila siku, maana masizi kidogo tu yanakula mwanga. Utambi ulikatwa vizuri usitoe moshi. Shaba ikasuguliwa. Na mchana mapazia yalifungwa kuzunguka chumba cha taa, kwa sababu lenzi inayotoa mwanga nje ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukusanya jua ndani na kuwasha moto.

Usiku sheria ilikuwa moja: taa iwake jua likitua, na isizimike hadi jua lichomoze. Hakuna aliyekuja kukuangalia saa tisa usiku kama umelala. Kama taa imezimika, wa kwanza kujua ni nahodha aliye majini.

Binti wa piano aliyepewa taa

Harriet Colfax alizaliwa mwaka 1824 huko Ogdensburg, jimbo la New York. Alifundisha muziki. Kisha akamfuata kaka yake hadi Michigan City, ambako kaka alikuwa na gazeti, na Harriet akafanya kazi ya kupanga herufi za chapa, moja moja, kwa mkono. Kaka yake alipoachana na gazeti na kuondoka, Harriet akabaki. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hajaolewa, hana biashara, kwenye mji wa bandari. Hesabu yake ya maisha ilikuwa imevurugika. Unaijua hiyo hali, pengine uko ndani yake sasa hivi.

Lakini alikuwa na binamu. Na huyo binamu hakuwa mtu wa kawaida. Schuyler Colfax alikuwa mbunge wa Indiana kule Washington, nyota iliyokuwa inapanda katika chama cha Republican. Mwaka 1861 Abraham Lincoln wa chama hicho akaingia ikulu, na kazi za serikali zikaanza kugawanywa.

Hapa lazima uelewe mfumo ulivyokuwa. Zamani hizo, kazi ya mlinzi wa taa ilikuwa zawadi ya siasa. Chama kikishinda, watu wake wanaingia. Chama kikishindwa, wanatolewa na wengine wanaletwa. Hakukuwa na tangazo gazetini wala mahojiano. Ulihitaji mtu. Mwaka huo huo wa 1861, Harriet akapata taa ya Michigan City, akiwa na miaka 36 au 37.

Kwa hivyo ndiyo, aliletwa. Tusizunguke. Na unaweza kufikiria mji ulivyosema: mwalimu wa muziki, mdogo wa mwili, eti ndiye atabeba mafuta na kupanda ngazi usiku wa dhoruba? Wanawake wengi waliowahi kulinda taa Marekani, na ni zaidi ya mia, walizirithi kutoka kwa waume au baba zao waliofariki. Walikuwa wameishi ndani ya kazi hiyo kabla ya kuishika. Harriet hakuwa na mume wa kurithi. Alikuwa na jina la ukoo.

Hakuingia mle ndani peke yake. Rafiki yake Ann Hartwell, mwalimu, alihamia naye nyumba ya taa, na wakaishi pamoja hapo miaka yote hiyo, wakilima maua na kupokea wageni. Lakini jina lililokuwa kwenye karatasi ya serikali ni la Harriet, na taa ikizimika ni yeye wa kujibu.

Mita 450 na mafuta ya nguruwe

Miaka kumi ya kwanza kazi ilikuwa ndani ya nyumba: kupanda juu, kuwasha, kulinda, kufuta. Mwaka 1871 mambo yakabadilika. Serikali iliweka taa ya pili kwenye ncha ya gati la mashariki, yaani lile ukuta wa mbao na mawe unaoingia ziwani kulinda mdomo wa bandari. Kutoka nchi kavu hadi kwenye taa hiyo ni zaidi ya mita 450.

Mita 450 si kitu, utasema. Ni kutoka stegi hadi nyumbani. Sawa, sasa toa barabara, weka njia nyembamba yenye maji pande zote mbili. Weka upepo. Weka mawimbi yanayoruka juu ya gati. Weka barafu chini ya viatu. Vaa gauni refu la karne ya 19. Kisha beba taa mkono mmoja na ndoo ya mafuta mkono mwingine, gizani. Ukiteleza, hakuna wa kusikia.

Halafu kuna hayo mafuta. Kipindi hicho taa nyingi za serikali zilitumia mafuta ya nguruwe. Yanawaka vizuri, lakini kwenye baridi yanaganda kama mafuta ya kupikia ulivyoyaacha Limuru mwezi wa saba, mara kumi. Ilibidi ayapashe moto kwenye jiko nyumbani, kisha akimbie nayo hadi kwenye ncha ya gati kabla hayajashikana. Kuna siku yalimgandia njiani, akarudi nyumbani, akayapasha tena, akaanza safari upya. Mafuta taa yalikuja kuchukua nafasi yake katika miaka ya 1880.

Mwaka 1874 wakubwa wakaamua taa hiyo ihamie gati la magharibi, ng'ambo ya kijito. Sasa kufika kwenye taa kulimaanisha kuvuka maji kwanza, ndipo uanze ule mwendo wa juu ya gati. Umri wake ulikuwa miaka 50.

Tunajua haya kwa sababu kuanzia mwaka 1872 Bodi ya Minara ya Taa iliwataka walinzi wote kuandika kumbukumbu za kila siku. Harriet aliandika. Kumbukumbu zake hazina drama: hali ya hewa, upepo umetoka wapi, meli ngapi zimeingia, mkaguzi amekuja. Pale ambapo wewe na mimi tungepiga selfi na kulia mtandaoni, yeye anaandika kwamba upepo ulikuwa mkali na kufika kwenye taa ya gati kulikuwa kugumu. Mstari unaofuata ni wa kesho yake.

Mwezi wa Oktoba 1886 dhoruba kubwa ikapiga ukingo wa kusini. Taa ya kwenye gati, ile aliyoihudumia kwa miaka kumi na tano kwa miguu na kwa mashua, ikang'olewa na kuchukuliwa na maji. Serikali haikuijenga upya haraka. Taa ya nyumbani ikabaki peke yake, na ikaendelea kuwaka kila usiku. Mabaharia wakaizoea kiasi cha kuiita kwa jina lake, taa ya Bi Colfax.

Na yule binamu je?

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Schuyler Colfax alipanda hadi juu. Mwaka 1863 akawa Spika wa Bunge la Wawakilishi. Mwaka 1869 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais chini ya Ulysses Grant. Ukiwa na binamu wa aina hiyo hapa kwetu, unaweza kulala kazini ukiwa umefunika uso na gazeti, na bosi akapita kwa kunyata asikuamshe.

Kisha mwaka 1872 kashfa ikalipuka. Kulikuwa na kampuni ya ujenzi wa reli, Crédit Mobilier, iliyokuwa imewagawia wanasiasa hisa kwa bei ya kutupa ili wasiulize pesa za umma zinaenda wapi. Jina la Colfax likatajwa. Alikana, na hakufungwa, lakini jina lilikuwa limechafuka. Mwezi Machi 1873 akatoka ofisini na hakurudi tena. Aliishi kwa kusafiri akitoa hotuba za kulipiwa. Januari 1885, akiwa kwenye safari hizo huko Mankato, Minnesota, alitembea kwenye baridi kali kupindukia kutoka stesheni moja ya treni kwenda nyingine, na moyo ukasimama. Alifia stesheni.

Fanya hesabu. Aliyemleta alipoteza nguvu mwaka 1873 na akafariki mwaka 1885. Harriet alibaki kwenye taa hadi 1904. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwa na mtu huko juu.

Na hiyo haikuwa miaka ya mchezo kwa watu wa kazi za serikali. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyeitwa Charles Guiteau, ambaye alikuwa amejishawishi kwamba anadaiwa kazi ya serikali na hakupewa. Kifo hicho kilisukuma nchi ipitishe sheria mwaka 1883 ya kuanza kutoa kazi za serikali kwa mitihani na uwezo. Lakini walinzi wa taa waliingizwa kwenye mpango huo mwaka 1896 tu. Kabla ya hapo, mwaka 1885, chama cha Democratic kilikuwa kimeingia ikulu kwa mara ya kwanza tangu Harriet aanze kazi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kumtoa mtu aliyeletwa na Republican, tena binamu wa mwanasiasa aliyechafuka na aliyekufa. Hakutolewa.

Alihudumu chini ya marais kumi, kuanzia Lincoln hadi Theodore Roosevelt. Watatu kati yao waliuawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumpigia rais yeyote kura. Wanawake wa Indiana walipiga kura ya rais kwa mara ya kwanza mwaka 1920.

Sikwambii kwamba mfumo ule ulikuwa mzuri. Haukuwa. Kwa kila Harriet mmoja, lazima kulikuwa na waliopewa taa na kuiacha ikazimika, na kulikuwa na watu wenye uwezo ambao hawakuwa na binamu Washington na hawakuwahi kujaribiwa. Hao hawana nyumba ya makumbusho. Tunawajua kina Harriet kwa sababu waliingia ndani.

Lakini kuna jambo moja jina la binamu halikuweza kumfanyia. Halikuweza kubeba ndoo.

Mwaka 1904

Oktoba 1904 Harriet Colfax alistaafu. Alikuwa na umri wa miaka 80. Miaka 43 kwenye taa moja.

Mwaka huo huo serikali ilimaliza mnara mpya kwenye ncha ya gati la mashariki, wenye honi ya kuita meli wakati wa ukungu. Chumba cha taa kilichokuwa juu ya nyumba yake kiliondolewa na kupelekwa huko, pamoja na lenzi yake. Kujengwa kidaraja cha chuma juu ya gati, kilichoinuliwa ili mlinzi apite bila kuoshwa na mawimbi. Kitu alichohitaji mwaka 1871 kilifika siku anazofunga mizigo.

Nyumba nayo ikapanuliwa, ili iweze kukaa mlinzi mkuu, Thomas Armstrong, pamoja na wasaidizi na familia zao. Tuwe wa haki: taa mpya na honi ilikuwa kazi kubwa zaidi ya kuangalia mitambo. Lakini ukiisoma haraka haraka, unaona ajira ya mwanamke mmoja wa miaka 80 ikigeuka kuwa ya kundi la wanaume.

Harriet na Ann walihama nyumba waliyoishi zaidi ya miaka 40. Ann alifariki mwanzoni mwa mwaka 1905. Harriet akamfuata tarehe 16 Aprili mwaka huohuo, miezi kama sita tu baada ya kukabidhi funguo.

Ukienda leo

Mnara wa kwenye gati bado upo, na bado unaongoza mashua. Tangu mwaka 1960 unajiendesha wenyewe. Hakuna anayelala hapo. Kile kidaraja cha chuma bado kimesimama, kimoja kati ya vichache vilivyobaki kwenye maziwa makuu ya Marekani, na picha yake ya machweo ni ya kufungia simu.

Nyumba ya Harriet ilikaribia kuoza. Walinzi wa pwani waliondoka, vioo vikavunjika, na mwaka 1963 manispaa ikainunua. Wenyeji wa chama cha historia cha mji waliikarabati miaka kadhaa, wakarudishia kimnara cha juu kwa mfano wa kile cha zamani, na mwaka 1973 wakaifungua kama makumbusho. Ndani kuna ile lenzi ya daraja la tano. Unaweza kusimama mbele yake, na ukikaa vizuri, unajiona uso wako umekatwa vipande vipande kwenye vioo alivyokuwa akivifuta kila asubuhi.

Sasa nimalizie deni langu.

Niliondoka kwenye ile ofisi kwa sababu nilichelewa. Si mara moja. Wiki ya kwanza nilifika saa mbili kamili, ya pili saa mbili na nusu, ya nne saa tatu nikiwa na stori ya jam. Nilijua nimeletwa, na nilidhani jina la binamu yangu lingenikalia kwenye kiti hadi nifike. Nikajiambia wananionea wivu. Siku niliyoitwa ndani, msimamizi hakupiga kelele. Alinionyesha tu karatasi ya saa nilizoingia, akaniuliza kama ningependa kusema kitu. Sikuwa na cha kusema. Ile karatasi ilikuwa kumbukumbu yangu ya kila siku, na haikuwa na upepo wala barafu ya kusingizia.

Kilichoniuma si kazi. Ni kwamba binamu yangu, siku ile ile, aliulizwa na watu wa ofisini kwao kama ana mwingine wa kuleta, huku wakicheka. Hakuniambia yeye. Niliambiwa na shangazi.

Kwa hivyo ukipata mtu wa kukuleta mahali, nenda. Usijifanye mtakatifu, kodi haisubiri nchi ipate mfumo wa haki. Na kama huna wa kukuleta, una haki ya kukasirika, na usikubali kuambiwa kwamba hukuwa na bidii. Ila aliyeletwa na asiyeletwa, wote wakishaingia, wanapewa ndoo ileile.

Wiki jana binamu yangu alinitumia meseji. Kuna mahali wanatafuta mtu, akasema, lakini wanaingia saa moja na nusu asubuhi. Akaongeza: "Nitaje jina lako ama niwache?"

Nilikaa na simu mkononi kitambo. Kisha nikamjibu alitaje.